Meli, mtihani na mwera: safari ya majini ya kila mwaka kwa familia ya Nyanda za Juu Kusini

Likizo ya katikati ya mwaka huanza Juni, na Juni hiyohiyo ndipo upepo wa mwera unapovuma Ziwa Nyasa kutoka kusini, siku kadhaa mfululizo. Familia nyingi za Mbeya, Njombe na Iringa hujikwaa hapo. Wanasubiri watoto wafunge shule, wanapanda meli katika majuma mabaya kuliko yote, watoto wanatapika usiku kucha, na safari iliyokusudiwa kuwa ya kila mwaka inaishia palepale. Baadaye lawama inabebeshwa fedha. Fedha ina sehemu yake, lakini kinachoua desturi hii majumbani ni kalenda.

Anayetaka safari ya majini iwe jambo la kila mwaka, kama kwenda kwa bibi Krismasi, inabidi asome kalenda tatu kwa pamoja: ya upepo, ya shule na ya shamba. Kisha amtazame mtu mmoja ndani ya nyumba, yule ambaye mwaka huo amebanwa zaidi, ama kwa umri ama kwa mtihani. Huyo ndiye anayechagua chombo na mwezi. Ukipanga kwa kumfuata mtoto mwenye nguvu kuliko wote, utasafiri mwaka mmoja tu.

Upepo kwanza

Ziwa Nyasa ni refu na jembamba, zaidi ya kilomita 550 kutoka kaskazini hadi kusini, na Kyela iko kwenye ncha ya kaskazini. Mwera unapovuma unayasukuma maji urefu wote huo, hivyo mawimbi yanayofika bandari ya Kiwira na ufukwe wa Matema, huko huko Kyela, yamekwisha kukua njiani. Ndiyo maana unaweza kusimama ufukweni jua linawaka, anga safi, na bado maji yamechafuka. Mtu wa Uyole, Mbeya, akitazama mbingu ya Uyole hawezi kujua lolote kuhusu ziwa. Asikilize taarifa ya Mamlaka ya Hali ya Hewa, ambayo hutaja Ziwa Nyasa kwa jina, na apige simu bandarini siku mbili kabla.

Mwera una nguvu kati ya Mei na Agosti. Kuanzia Septemba hadi Novemba ziwa hutulia zaidi, ingawa joto la Kyela hupanda sana. Ndicho kipindi kizuri cha kupanda meli ya ziwani na watoto. Kuna siku utaona nguzo za kitu kama moshi zikisimama juu ya maji mbali kabisa. Ni kungu, wadudu wadogo wasiohesabika wanaotoka ziwani kwa pamoja, na wenyeji huwakusanya wakawapika. Mtoto wa miaka 7 akioneshwa hilo hatalisahau. Mvua zikishaanza, na hasa Machi hadi Mei, Kyela hunyeshewa kuliko karibu wilaya zote za nchi, na dhoruba za ghafla zenye radi huwa nyingi. Pasaka basi si wakati wa meli, hata kama siku nne za mapumziko zinashawishi.

Baharini mambo yanakwenda na upepo mwingine. Kusi hukaza Juni hadi Agosti, na mkondo kati ya Dar es Salaam na Zanzibar huwa na mawimbi makubwa. MV Skagit ilizama hapo tarehe 18 Julai 2012 ikitoka Dar, katika upepo na mawimbi makali. Desemba na Januari, kaskazi inapoingia, maji ya mkondo huo kwa kawaida huwa mapole zaidi.

Kwa hiyo ukiwa Nyanda za Juu mgawanyo ulio salama ni huu: Juni ni ya ufukweni, Septemba na Oktoba ni za meli ya ziwani, Desemba ni ya baharini. Juni nenda Matema ukae chini ya milima ya Livingstone, watoto wacheze mchangani, na maji wayaone bila kupanda chombo. Jumamosi kuna soko la Lyulilo, umbali wa kutembea tu kwa mtoto wa shule ya msingi, ambako vyungu vya Wakisi kutoka Ikombe hushushwa mitumbwini vikiwa vimefungwa kwa nyasi. Siku moja hapo ina thamani ya safari nzima, na barabara ya lami inakufikisha.

Mtihani huamua mwaka, na hufungua dirisha

Wazazi wengi hujua mwaka wa mtihani ni mwaka wa kubana. Wachache hujua kwamba ukishapita unaacha mwanya mkubwa kuliko likizo yoyote.

Darasa la nne hufanya upimaji wao mwishoni mwa Oktoba, hivyo mwaka huo safari ya ziwani ya Septemba inabaki, mradi iwe ya siku nne tu na irudi Jumamosi, si Jumapili usiku. Darasa la saba hufanya mtihani Septemba. Mwaka huo Juni usiihesabu kabisa, kwa sababu shule nyingi hubakiza madarasa ya mtihani kwa masomo ya ziada. Lakini mtihani ukiisha, mtoto yuko nyumbani hadi Januari anapoanza kidato cha kwanza. Miezi mitatu na zaidi, ziwa limetulia, meli hazina msongamano wa Desemba, na mtoto ana miaka 13 au 14. Hakuna dirisha bora kuliko hili katika maisha yote ya mtoto nyumbani. Mwaka wa darasa la saba nasisitiza uwe ndio mwaka wa safari ndefu, ile ya kulala melini, hata kama miaka miwili iliyotangulia mliishia Matema.

Kidato cha pili na cha nne mitihani ni Novemba. Aliyemaliza kidato cha nne ana nafasi hadi Julai mwaka unaofuata, ikiwa atachaguliwa kwenda kidato cha tano. Desemba hiyo ni ya Zanzibar. Kidato cha sita ni Mei, na wengi wao huitwa JKT muda mfupi baadaye, kwa hiyo aliyemaliza usimpangie safari ya Juni wala Julai hadi orodha itoke.

Kosa linalojirudia liko kwenye nyumba yenye watoto watatu wanaopishana miaka mitatu mitatu, kwa sababu humo karibu kila mwaka kuna mtahiniwa. Wazazi wakisubiri mwaka usio na mtihani watasubiri miaka kumi. Chora jedwali la miaka mitano kwenye karatasi moja: safu za miaka, mistari ya watoto, andika darasa la kila mmoja, kisha zungushia wino mwekundu penye mtihani. Utaona mara moja miaka ambayo mtahiniwa anaweza kubaki kwa shangazi au kwa babu huku wengine wakienda siku nne, na miaka ambayo safari inahamia Desemba. Abakiaye aahidiwe safari yake kwa tarehe. Mtoto akiambiwa “siku nyingine” anajua maana yake.

Kwa mzazi mwajiriwa, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa siku 28 za likizo kwa mwaka, na sikukuu ikiangukia ndani ya likizo huhesabiwa humohumo. Desemba ina tarehe 9, 25 na 26. Anayechukua likizo yake yote Desemba anapoteza siku hizo. Ni nafuu kuomba siku tano au sita zinazogusana na mwisho wa juma, na kubakiza nyingine kwa ajili ya Septemba.

Shamba na mfuko

Huku kwetu fedha ina msimu. Mpunga wa Kyela, mahindi ya Njombe na Iringa, kahawa ya Mbozi, vyote huingiza fedha kati ya Juni na Septemba. Kuanzia Novemba mbegu na mbolea huanza kumeza, na Januari ada inamalizia. Safari ya Desemba inayolipiwa Desemba inagombana na vyote viwili, na ada ikipungua lawama itaangukia safari. Lipa usafiri na malazi kabla ya mwisho wa Septemba. Kinachobaki Desemba kiwe chakula na nauli ndogondogo tu.

Kama mkutano wenu wa familia umeona safari itagharimu shilingi 1,200,000, hiyo ni 120,000 kwa mwezi kwa miezi kumi. Wanaofanya VICOBA wanaweza kuomba mgao wa kikundi uangukie Septemba badala ya Desemba; wenzao wengi wanakubali kwa sababu ya mbolea. Kwa mkulima, gunia fulani litengwe kwa jina la safari siku ya kuvuna, liuzwe pamoja na mengine, na fedha yake isiingie mfuko wa jumla. Ikishachanganyika haionekani tena.

Mtoto wa mgongoni na anayejifunza kutembea

Mtoto wa miezi sita hadi mwaka mmoja husafiri vizuri kuliko watu wanavyodhani. Ananyonya, analala, na watoto wa chini ya miaka 2 ni nadra kulewa bahari. Hatari yake ni nyingine, na inatokana na kitu tunachokipenda: kanga ya kumbeba mgongoni. Kwenye chombo usimfunge mtoto mgongoni, hasa kwenye mtumbwi au boti ya kukushusha pwani. Chombo kikipinduka, mama anaelea kifudifudi au chali, na mtoto aliyefungwa kwa fundo la kifuani hawezi kutoka. Jaketi okozi la mama nalo haliwezi kuvaliwa vizuri mtoto akiwa mgongoni. Mpakate mbele, mikononi, kanga iwe imezungushwa bila fundo. Mgongoni atarudi mkishafika nchi kavu.

Jaketi la mtoto lipimwe kabla meli haijang’oa nanga. Mvalishe, funga mikanda yote, kisha mwambie ainue mikono na umvute jaketi kwa juu mabegani. Likipanda hadi masikioni, ni kubwa, na majini litamtoka. Majaketi mengi ya melini ni ya watu wazima. Wenye watoto wa chini ya kilo 20 wanaosafiri kila mwaka wanunue lao lenye mkanda wa kupita katikati ya miguu, libadilishwe mtoto anapoongezeka uzito. Mdogo atalirithi.

Umri mgumu kuliko yote ni kati ya mwaka mmoja na miaka mitatu. Anatembea, hasikii, na anapita palipo na upenyo. Kwenye meli za mizigo na abiria kingo za sitaha zina mianya ambayo mtu mzima hata haioni. Milango ni ya chuma, mizito, yenye vizingiti virefu, na meli ikiinama hujifunga yenyewe. Vidole vya mtoto huumia hapo, upande wa bawaba, kuliko mahali pengine popote melini. Kwa mtoto wa umri huu weka utaratibu wa zamu: mtu mzima mmoja anatajwa kwa jina kuwa ndiye mwenye mtoto kwa saa mbili, na kumkabidhi mwingine kunafanywa kwa maneno, “Nimekupa, mchukue.” Watoto hupotea machoni pa watu watano, kila mmoja akidhani mwenzake anatazama.

Kwa umri huo nasema wazi, usiku wa melini uahirishwe. Chukueni kipande kifupi, kwa mfano Kiwira hadi Matema kwa meli siku ambayo ratiba inakubali, kisha rudini kwa gari. Ukienda kwa meli na kurudi kwa barabara, hata mtoto akikataa chombo katikati ya safari, mateso yana mwisho unaojulikana.

Kulewa bahari, kati ya miaka 4 na 12

Huu ndio umri wa kufurahia zaidi, na ndio umri wa kutapika zaidi. Mtoto anayesikia kichefuchefu kwenye kona za Tukuyu, akienda Kyela, atasikia pia melini. Kona hizo ni kipimo chako cha bure.

Sababu yake ni kwamba macho yanaona ukuta wa chumba umetulia huku sikio la ndani linahisi mwili unainuka na kushuka. Ubongo unapokea habari mbili zinazopingana. Kwa hiyo kumlaza mtoto ndani bila dirisha, akitazama katuni kwenye simu, ni kumwongezea tatizo. Mtoe nje, akae katikati ya meli na si mbele kwenye pua, chini na si ghorofa ya juu, atazame milima ya Livingstone au mstari wa upeo wa bahari. Kwenye boti ziendazo kasi za Zanzibar watoto hupenda kukimbilia viti vya mbele kabisa, na huko ndiko kunakoruka zaidi. Chagua viti vya katikati kuelekea nyuma. Ili uvipate inabidi uwe bandarini mapema, si dakika kumi kabla.

Tumbo tupu ni baya, lililojaa ni baya zaidi. Saa mbili kabla, ndizi za kuchemsha au viazi mviringo na chai ya tangawizi isiyo na maziwa vinatosha. Chipsi mayai na mtindi viachwe stendi. Njiani awe na biskuti kavu na maji ya kunywa kidogokidogo. Mifuko ya kutapikia bebeni miwili kwa kila mtoto, mmoja ndani ya mwingine, na muiangalie kama imetoboka. Anayetapika mara nyingi apewe ORS kwa kijiko, kila dakika chache, asipewe kikombe kizima kwa mkupuo.

Dawa zipo, na kosa la kawaida ni kumeza baada ya kichefuchefu kuanza. Zimezwe saa moja au zaidi kabla ya kuondoka. Promethazini asipewe mtoto wa chini ya miaka 2 kwa hali yoyote, kwa kuwa inaweza kuathiri upumuaji wake, na kwa mkubwa wake kipimo kitolewe na mfamasia kwa uzito wa mtoto. Inasinzisha, kwa hiyo ijaribuni nyumbani siku ya Jumamosi moja kabla ya safari, mjue inamchukuaje mtoto. Mtoto aliyelegea kwa dawa ndiye wa kushikwa mkono kwenye daraja la kushukia.

Jambo jingine la umri huu ni safari ya kufika majini. Mbeya hadi Dar ni zaidi ya kilomita 800, saa 12 au zaidi kwa basi, ukiwa na mlima Kitonga katikati na foleni ya Mbezi mwishoni. Usiunganishe basi na boti siku moja. Panga usiku mmoja Dar, boti ya asubuhi kesho yake, kwa sababu asubuhi upepo mara nyingi uko chini. Wanaochagua treni ya TAZARA wanapata faida ya mtoto kunyoosha miguu na kulala kitandani, lakini treni huchelewa kwa saa nyingi, hivyo wao waweke usiku mbili Dar. Wa Iringa wana nafuu ya karibu kilomita 300, na kwao safari ya siku sita inawezekana kabisa.

Mkate tiketi kwa vitambulisho vya uraia, kwa sababu nauli ya mkazi ni tofauti na ya mgeni, na beba vyeti vya kuzaliwa vya watoto, nakala na halisi. Usinunue kwa vijana wanaokusimamisha nje ya geti la bandari.

Wanapokuwa vijana

Kijana wa miaka 15 hachoshwi na safari, anachoshwa na kukaa bila nafasi ndani yake. Mpe kazi ya kweli. Yeye ndiye atunze tiketi zote na saa. Yeye ndiye aandike bandari kwa bandari: mmefika saa ngapi, mmeondoka saa ngapi, usipa mkavu, dagaa wa ziwani, unauzwaje hapa na kule. Kati ya Matema na Manda, chini ya milima, mtandao hukatika sehemu kubwa, na hilo liambiwe mapema lisije likawa ugomvi.

Kwao safari bora ya ukanda huu ni mzunguko. MV Mbeya II, iliyoanza kazi 2021 ikiwa na uwezo wa abiria 200 na tani 200 za mizigo, inapita pwani ya mashariki ya ziwa kuelekea Mbamba Bay, mchana na usiku. Kutoka Mbamba Bay barabara ya lami inapanda hadi Mbinga, Songea, kisha Njombe na Makambako, na mmefunga duara bila kurudia njia. Ratiba hubadilika kwa matengenezo na hali ya hewa, hivyo pangeni siku mbili za akiba na msianze na basi la kurudi lililokwisha kulipiwa. Wawekeni wavulana na wasichana zamu ya kulinda mizigo usiku, saa mbili mbili. Wanaikumbuka kuliko ufukwe wenyewe.

Bibi na babu

Wakijumuika, mpango ufuate magoti yao. Ngazi za meli ni za kusimama wima, na baadhi ya vituo vya ziwani havina gati, mtu anashushwa kwenye boti ndogo huku vyombo viwili vinapanda na kushuka. Mzee asichukuliwe kwenye kituo cha namna hiyo. Ulizia bandarini kwa jina la kituo: “Kuna gati, au tunashukia boti?” Jibu hilo ndilo linaloamua. Kitanda kiwe cha chini, karibu na choo.

Dawa za presha na kisukari zigawanywe mifuko miwili, mmoja kwa mzee na mmoja kwa kijana, ili begi moja likipotea dozi isikatike. Insulini inaharibika kwa joto la Kyela na Dar, na inaharibika pia ikigandishwa, kwa hiyo usiibandike kwenye barafu. Ifungeni kwenye kitambaa kikavu, muiweke ndani ya chupa ya chai yenye mdomo mpana iliyopozwa kwa maji baridi. Mkifika Matema chungu cha Wakisi kinawafaa: mchanga mbichi ndani, chombo cha dawa kilichofungwa vizuri katikati, chungu kivulini penye upepo, na kinyweshwe maji asubuhi na jioni. Kinapoa kwa uvukaji, na kinapoza kweli.

Meli kubwa za kitalii

Ziko familia zinazotaka meli yenye vyumba, kumbi na mabwawa. Kwa anayeruka kutoka uwanja wa ndege wa Songwe, zilizo karibu ni zile zinazoanzia Durban na Cape Town katika kiangazi cha kusini, Novemba hadi Machi hivi, nyingine zikipita pwani ya Msumbiji. Desemba inaangukia likizo ya shule na iko kabla ya kilele cha vimbunga vya mkondo wa Msumbiji, ambavyo huzidi Januari hadi Machi.

Umri hapa una masharti ya maandishi. Kampuni nyingi hazichukui mtoto wa chini ya miezi 6, na kwa safari za bahari kuu zenye siku nyingi bila bandari hutaka awe na miezi 12. Mjamzito ambaye atafikisha majuma 24 kabla safari haijaisha hakubaliwi, na cheti cha daktari huombwa. Vyumba vya michezo ya watoto kwa kawaida huanza miaka 3, na anayevaa nepi hachukuliwi. Kwa hiyo mwenye mtoto wa miaka miwili analipa safari nzima akiwa yaya, ndani ya mazingira ya gharama. Angoje mwaka mmoja.

Chumba cha watu wanne ndicho chenye unafuu, kwa kuwa mtu wa tatu na wa nne hulipa kidogo, lakini ushuru wa bandari na bahashishi ya kila siku huhesabiwa kwa kila kichwa, mara nyingi mtoto pia. Ombeni jumla ya mwisho kwa maandishi. Pasipoti ya kielektroniki ni shilingi 150,000 kwa mtu, mtoto naye anahitaji yake na cheti cha kuzaliwa. Familia ya watu watano hiyo ni 750,000 kabla ya tiketi yoyote, na ni gharama ya kuanza mwaka mmoja mapema. Fikeni Durban siku moja kabla. Ndege ya Songwe ikichelewa kwa ukungu mnaunganisha nyingine, lakini meli haisubiri familia.

Siku ya tisa baada ya kurudi

Mbeya mjini iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, Ziwa Nyasa chini ya 500. Watoto wetu hawajazoea malaria kama watoto wa Kyela, na ikiwapata huwapiga vibaya. Bebeni vyandarua vyenu vyenye dawa, na kamba ya mita sita, maana vyumba vingi vina misumari upande mmoja tu. Homa ya malaria kwa kawaida haiji katika safari fupi. Huja siku ya saba hadi ya kumi na nne tangu kuumwa na mbu, au hata baadaye, mmerudi kwenye baridi ya Julai, na kila mtu anasema ni mafua. Mkifika kituo cha afya semeni neno la kwanza kabisa: “Tumetoka Kyela,” na muombe kipimo siku hiyohiyo.

Kichocho kinapatikana ziwani. Watoto waogee penye mchanga na maji wazi, mbali na matete na midomo ya mito, ambako pia kuna mamba, na wafutwe kwa taulo kwa kusuguliwa mara tu wanapotoka. Dawa yake, prazikwanteli, hutolewa kwa uzito na haiui minyoo michanga. Ukiimeza juma linalofuata umeipoteza. Pimeni au mmeze kama majuma manane baadaye: mkiondoka Matema mwishoni mwa Juni, inaangukia mwishoni mwa Agosti. Tarehe hiyo iandikwe kwenye kalenda ya ukutani kabla mizigo haijafunguliwa.